"KUNA BIMA" HAIZIBI UFA

Ndugu Wafanya kazi,

Katika karatasi yetu ya mwezi uliopita Ndugu Katibu wa Kamati ya Nyumba alituandikia kwamba wanachama wasiwe na wasiwasi juu ya nyumba zetu kumi na nne zilizopasuka, kwa sababu kuna bima. Maneno hayo, "kuna bima," aliyaandika mara tatu katika ukurasa mmoja. Sina ugomvi naye. Ni mtu mwema, na kwa miaka mingi ametutumikia bila kulipwa hata nauli. Lakini Jumapili ya mwisho ya mwezi huu tutaitwa kwenye Mkutano Mkuu tupige kura: tutie sahihi karatasi iliyoletwa na kampani ya bima, au tusitie. Ndugu Katibu asema tutie. Mimi nasema tusitie, na sababu zangu ni hizi.

Ninaanza na habari yenyewe, maana wako wenzetu wa Voi, Nakuru na Kisumu ambao hawajaziona nyumba hizo kwa macho, ingawa nao walikatwa mshahara kila mwezi kama sisi. Nyumba zilijengwa katika uwanda wa Athi, ziwe za wanachama wanaokaribia kustaafu na za wajane wa wenzetu. Kontrakta alitupa funguo mwezi wa Januari mwaka jana. Tulichinja mbuzi, tukapiga picha. Masika ya kwanza yalipoanza, milango ikakataa kufungwa. Mwezi wa Mei nyufa zikatokea juu ya madirisha, paipu za maji zikakatika chini ya sakafu, na dari za nyumba tano zikaanguka. Katika nyumba namba 9 anakaa mama mmoja, mjane wa mwenzetu wa signali. Ameziba ufa wa chumbani kwa magazeti. Kila mwezi huongeza gazeti jingine.

Mwezi wa Agosti kontrakta alileta watu wa kupiga lipu nyufa. Ukuta ulioshika tangi la maji ukamwangukia kibarua mmoja, kijana, ukamvunja mguu mahali pawili. Tangu siku ile miezi tisa imepita. Nyumba hazijatengenezwa, na kijana yule hajalipwa hata senti moja. Kila anayeulizwa hujibu: kuna bima.

UDONGO MWEUSI

Kazi yangu ni ya njia ya reli, na udongo mweusi naujua kuliko wakili ye yote. Mvua ikinyesha hunywa maji ukavimba. Jua likiwaka hunywea, ukapasuka hata mkono ukaingia. Njia ya reli iliyolala juu yake hupanda hapa na kuzama pale, nasi gengi hatuna budi kurudi baada ya kila masika kuinua reli na kushindilia kokoto chini ya mataruma. Hii si siri. Kila mjenzi wa Nairobi na Athi anajua kwamba nyumba haiwekwi juu ya udongo huo. Huchimbwa na kuondolewa mpaka ufike kwenye mwamba au ardhi ngumu, ndipo msingi uwekwe.

Ramani ya nyumba zetu ilisema hivyo. Mimi na mwenzangu mmoja tulikwenda siku yetu ya mapumziko, tukachimba shimo kando ya ukuta wa namba 9, tukakuta udongo mweusi umelala chini ya msingi kama siku ulipoumbwa. Injinia aliyekuja baadaye aliandika hivyo hivyo kwa maneno marefu. Yaani kontrakta alilipwa kuchimba, naye hakuchimba. Shuleni kwa misheni tulifundishwa habari za mtu mpumbavu aliyejenga nyumba yake juu ya mchanga. Sikumbuki kama kulikuwa na kampani ya bima katika habari ile. Nyumba ilianguka, na kila mtu akajua kosa ni la nani.

BARUA TATU

Sasa nawaomba mzisome pamoja nami barua za kampani ya bima, kwa kuwa nadhani wengi wamezisoma mbali mbali, na zikisomwa mbali mbali hazionyeshi kitu.

Barua ya kwanza yasema: bima hii ni ya ajali. Kuacha udongo mweusi chini ya nyumba si ajali, ni kazi mbaya. Kosa lilikuwako tangu siku ya kwanza. Kwa hiyo hatulipi.

Barua ya pili yasema: hata kama ingekuwa ajali, bima hii hailipi gharama ya kurudia kazi ya kontrakta mwenyewe. Yalipa tu mali nyingine iliyoharibika kwa sababu ya kazi hiyo. Kwa hiyo msingi na kuta hatulipi. Dari na paipu labda.

Barua ya tatu yasema: tena bima ya kazi hiyo ilikwisha siku mlipopewa funguo. Nyufa zilionekana Mei, baada ya funguo. Kwa hiyo madhara yalitokea nje ya wakati wetu.

Je, ndugu zangu, mmeona? Mlango wa kwanza umefungwa kwa sababu ugonjwa ulikuwako tangu mwanzo. Mlango wa tatu umefungwa kwa sababu ugonjwa ulikuja baadaye. Mtu mmoja hawezi kuzaliwa kabla ya funguo na baada ya funguo. Karani wa kwanza na karani wa tatu wanakaa katika ofisi moja, na sina shaka wanakunywa chai pamoja.

Hata hivyo, sitaki tuwe watu wa kupiga kelele tu. Katika barua ya pili mna neno la haki, nami nalikubali. Bima si mfuko wa kumlipia mwizi. Kama kontrakta aliacha kuchimba ili abaki na pesa, na kampani ya bima ikalipa msingi mpya, basi yeye amekula mara mbili, na wanaolipa ni makontrakta wengine wote wanaotoa ada ya bima kwa uaminifu, nao wataitia gharama hiyo katika bei ya nyumba za watu kama sisi. Kwa hiyo simlaumu mwenye bima anaposema, "Kazi yake mbaya airudie mwenyewe." Namlaumu anaposema hivyo kisha akatuletea karatasi ya kumwachilia huyo huyo asiirudie. Hapo ndipo penye hila, na nitafika hapo.

HAPA SI KWETU TU

Ugomvi huu wa kwamba kazi mbaya ni ajali au si ajali ni wa nchi nyingi. Wakili aliyetusaidia alinieleza mashauri mawili, nami niliyaandika katika daftari langu.

La kwanza ni la Marekani. Mwaka wa 2006 Mahakama Kuu ya jimbo la Pennsylvania, katika shauri la Kvaerner, ilisema kazi mbaya peke yake si ajali, na mwenye bima akashinda. Ndilo wanalolipenda.

La pili ni la Kanada. Huko British Columbia kontrakta aliyeitwa Progressive Homes alijenga nyumba za watu wengi, zikavuja na kuoza kwa maji. Kampani ya bima, Lombard, ikakataa hata kumtetea kortini, ikisema kazi mbaya si ajali. Mwezi wa Septemba 2010 mahakama ya juu kabisa ya Kanada ikaikatalia. Majaji walisema hakuna kanuni moja ya kufunga mlango huo. Kazi mbaya yaweza kuwa ajali, kama madhara yake hayakutazamiwa wala kukusudiwa. Na sehemu moja ya jengo ikiiharibu sehemu nyingine ya jengo hilo hilo, hayo nayo yaweza kuwa madhara ya mali. Lililo kubwa ni kutazama maneno ya hati yenyewe ya bima, neno kwa neno, pamoja na yaliyotengwa na yaliyorudishwa. Katika baadhi ya hati za shauri lile, kazi iliyofanywa na kontrakta mdogo haikutengwa kama ile ya kontrakta mkubwa.

Sisemi kwamba korti ya Kenya imefungwa na korti ya Kanada. Haikufungwa. Nasema kwamba barua ya kwanza imetuandikia kama amri ya Musa jambo ambalo majaji wa mataifa wanabishana juu yake. Tena nauliza swali dogo: katika kamati yetu yote, ni nani aliyeiona hati ya bima yenyewe? Hakuna. Tumeonyeshwa barua zinazotaja hati, hati hatujaonyeshwa. Wala hatujui msingi wetu ulichimbwa na kontrakta mwenyewe au na kontrakta mdogo. Tunaombwa kufunga shauri ambalo hatujalifungua.

MSIWATUPIE MAFUNDI

Kuna sentensi moja katika barua ya pili iliyonichoma kuliko zote. Yasema nyufa zilitokana na "kazi mbaya ya mafundi na vibarua." Kontrakta naye, alipoulizwa, alisema vivyo hivyo. Hao wawili wanaoshindana juu ya pesa wamepatana juu ya neno moja tu: kumtupia lawama mtu mwenye mwiko mkononi.

Ninyi mnajua kazi. Mwashi huchanganya alichopewa. Akipewa mfuko mmoja wa simiti kwa kazi ya mifuko miwili, atafanya nini? Aende dukani anunue kwa posho yake? Kibarua alichimba mpaka pale nyapara alipomwambia acha. Angesema, "Bado ni udongo mweusi, tuendelee," angeambiwa kesho asije. Aliyeshika ramani si yeye, na aliyeshika pesa si yeye. Chama cha wafanya kazi kikitia sahihi karatasi inayosema kosa ni la vibarua kitakuwa kimejipiga kofi usoni.

Tukumbuke pia yaliyokwisha kuwapata wenzetu. Usiku wa tarehe 29 Aprili 2016, katika mvua kubwa, jengo la ghorofa sita lilianguka Huruma, Nairobi, likaua watu wapatao 50, wengi wao wapangaji maskini. Mwezi wa Juni 2017 daraja la Sigiri huko Busia lilianguka likiwa bado linajengwa, na wafanya kazi waliokuwa wakilijenga wakaumia. Anayekuwa chini ya boriti linapoanguka ni mpangaji na kibarua, wala si aliyeweka sahihi. Nyumba zetu ni za chini, hazijaua mtu. Je, tungoje?

KARATASI YENYEWE

Sasa karatasi. Kampani ya bima imesema kwamba, ingawa haidaiwi kitu, kwa wema wake italipa dari na paipu. Pesa hizo ni kweli, nasi tunazihitaji. Lakini someni mstari wa tano. Tukipokea, tunakiri kwamba tumelipwa yote, na tunamwachilia kontrakta, na kampani yake, na mwenye bima wake, kwa madai yote yaliyopo na yatakayotokea baadaye kutokana na ujenzi ule.

Yatakayotokea! Masika mengine yanakuja. Udongo uko pale pale. Tutatia dari mpya chini ya kuta zinazotembea, na paipu mpya ndani ya sakafu inayovimba, na zitakapokatika tena hatutakuwa na mtu wa kumwuliza. Ni sawa na kumpa gengi pesa za kupaka rangi stesheni, kwa sharti kwamba wasiiguse reli iliyopinda.

Tena, Ndugu Katibu amependekeza kwamba siku hiyo hiyo tumpe kontrakta zile pesa tulizomshikia, sehemu ya malipo yake iliyobaki mikononi mwetu mpaka makosa yatengenezwe. Naomba mnisamehe, Katibu wangu, lakini hapo umesahau. Pesa hizo zilishikwa kwa ajili ya siku kama hii. Ndiyo kamba pekee iliyo mkononi mwetu. Kontrakta hajibu barua zetu, hata pole hajasema, na wakili alinieleza sababu: masharti ya bima humkataza mwenye bima kukiri kosa bila ruhusa ya kampani, asije akapoteza malipo. Basi anayenyamaza kwa kuogopa kampani yake, na sisi tumwachie kamba?

Bwana mmoja wa kamati aliniambia, "Ndugu, heri nusu shari kuliko shari kamili. Shauri ni ghali, na kontrakta aweza kufunga ofisi akatoweka." Namjibu hivi. Kutoweka aweza, na ndiyo sababu kubwa ya kutomlipa pesa tulizoshika. Shauri ni ghali, kweli, lakini sisemi twende kortini kesho. Sheria ya Kenya ya muda wa madai yatupa miaka 6 kwa kuvunjwa kwa mapatano, na miaka 3 kwa madhara yaliyotokana na uzembe. Muda upo wa kuandika barua zenye meno, wa kudai hati ya bima, wa kumtaka mpatanishi. Lakini muda hauongezwi kwa kulala, na anayetia sahihi karatasi ile ameukata muda wake kwa kalamu yake mwenyewe.

KIJANA WA MGUU

Namweka mwisho si kwa udogo wake, bali kwa kuwa yeye hakai katika ugomvi huu hata kidogo, na wamemfunga ndani yake kwa makusudi au kwa ujinga. Ameambiwa angoje mpaka mambo ya nyumba yaamuliwe. Ni uongo. Udongo mweusi haumhusu. Kazi mbaya au ajali haimhusu. Sheria ya fidia ya madhara kazini ya mwaka 2007, ile tuiitayo WIBA, yamlazimisha kila mwajiri kuwakatia bima watu wake, na mtu akiumia kazini mwajiri awajibika, awe na kosa au asiwe nalo. Kibarua wa siku naye ni mtu.

Dai hilo halianzi kortini. Tangu uamuzi wa Mahakama ya Juu wa Desemba 2019 njia ni moja: kwa Mkurugenzi wa Usalama na Afya Kazini. Nalo dai sharti lipelekwe kabla ya miezi 12 kupita tangu kuumia. Likifikishwa kwa mwajiri au mwenye bima, wana siku 90 za kulipa. Miezi tisa imekwisha kuliwa na maneno "kuna bima." Imebaki mitatu. Kijana yule si mwanachama wetu, wala hakuajiriwa nasi. Lakini alivunjika mguu akiziba nyufa za nyumba zetu, na kama chama cha wafanya kazi hakiwezi kumpeleka mtu kama huyo mpaka mlango wa ofisi ile akiwa na karatasi zake sawa, sijui kazi ya chama ni nini.

NITAKAYOUOMBA MKUTANO

Jumapili nitasimama, na nitaomba mambo matano yapigiwe kura moja moja:

1. Karatasi ya kampani ya bima isitiwe sahihi kama ilivyo. Wakitaka kulipa dari na paipu, walipe dari na paipu, na risiti iseme dari na paipu, basi.

2. Pesa tulizomshikia kontrakta zisitolewe hata senti, mpaka misingi itengenezwe na injinia wetu, si wake, aseme imetengenezwa.

3. Kontrakta na kampani watakiwe kwa barua kutuletea nakala ya hati yote ya bima, pamoja na jina la yule aliyechimba misingi.

4. Maneno "kazi mbaya ya mafundi na vibarua" yakataliwe kwa maandishi na chama hiki.

5. Watu wawili wachaguliwe siku hiyo hiyo waende na kijana aliyeumia kupeleka dai lake wiki ile, na nauli yao itoke katika mfuko wa chama. Mimi niko tayari kuwa mmoja.

Ndugu Katibu, nawe ukisoma haya usikasirike. Uliandika "kuna bima" ili mioyo yetu itulie, na moyo uliotulia ni kitu chema. Lakini siku ile nilipotoka shimoni kando ya namba 9, yule mama alinipa maji ya kunawa, akaniuliza kama ule ufa utafika kitandani kwake kabla ya masika kwisha. Sikuweza kumjibu "kuna bima." Njoo nasi siku moja, uutazame kwa macho yako, kisha utuambie Jumapili kama bado wataka tutie sahihi.

Ninyi wa stesheni za mbali, msiseme nyumba hizo ni za watu wa Nairobi. Kila mmoja wenu ana tofali lake mle. Asiyeweza kuja ampe mwenzake barua ya kura. Mkutano ni saa nne asubuhi, na tuje mapema, maana karatasi za sahihi hupenda kupitishwa wakati watu bado wanatafuta viti.

Umoja wetu udumu.

Ndimi,
MTU WA GENGI, Njia ya Reli